Wastani Uje Mwisho

Katika vipindi vya mazoezi ya kufundisha tumekaa nyuma ya madarasa mengi, daftari mkononi, tukiwasikiliza wanachuo wetu wakifundisha hisabati. Mada ya takwimu ndiyo inayofundishwa kwa utulivu kuliko zote. Hakuna mtoto anayenuna, wala hakuna mwalimu anayetokwa na jasho kama lile limtokalo anapofundisha kugawanya sehemu kwa sehemu. Mwalimu huandika ubaoni jedwali la mavuno ya pamba au la mayai yaliyouzwa, hunakili grafu ya mihimili iliyokwisha kuchorwa kitabuni, huuliza ni mwezi gani uliouza mayai mengi zaidi, kisha huandika kanuni: jumlisha zote, gawanya kwa idadi yake. Watoto hugawanya. Majibu huwa sahihi. Kengele hulia.

Utulivu huo ndio unaotutia wasiwasi. Katika darasa la tano moja tulimwomba mwanachuo atuachie dakika mbili za mwisho wa somo. Wastani wa mayai ulikuwa umepatikana, nao ni 46. Tukawauliza watoto, "Hii 46 inatuambia nini?" Kimya. Mtoto mmoja, kwa kutuonea huruma nadhani, akainua mkono akajibu, "Inatuambia jibu." Hatukumcheka, kwa maana alisema kweli. Katika somo lile 46 haikuwa na kazi nyingine yoyote.

Maoni yetu katika makala haya ni mafupi. Wastani unafundishwa mapema mno. Mtoto hupewa namba asizozikusanya, juu ya jambo asilolijua, na kabla hajapata nafasi ya kuzitazama huambiwa azisage zote ziwe namba moja. Tungependa ninyi mnaojiandaa kwenda shuleni mlipindue andalio hilo la somo: watoto wakusanye kwanza, wazipange namba zao mahali pa wazi, wazitazame kwa muda mrefu kupita kiasi mnachodhani kinatosha, na wastani uje mwisho, ukija.

Mwanachuo yule alitaka kujaribu, nasi tulikuwa na juma zima la kukaa naye. Tulikubaliana kuacha mayai na kuchukua jambo ambalo kila mtoto analo: dakika anazotembea kutoka shuleni hadi nyumbani. Hapo hapo tukakutana na ugumu ambao vitabu havina. Watoto hawakuwa na saa. Walipoulizwa walijibu "karibu", "mbali", na mmoja "mbali kidogo, lakini si sana". Mwanachuo alitaka kuwakadiria yeye mwenyewe. Tulimzuia. Kutoka shule ile kulikuwa na njia tatu tu, basi kwa muda wa siku tatu, mchana baada ya masomo, alifuatana na watoto wa njia moja moja akiwa na saa yake na karatasi, na kila mtoto alipokata kona kuelekea kwao alisubiriwa hadi mlangoni, dakika zikaandikwa. Siku ya tatu mwanachuo alirudi magharibi, viatu vimejaa tope, nasi tulikuwa tumekwisha kula.

Siku ya nne asubuhi, kabla ya kuandika lolote ubaoni, mtoto mmoja alitoa hoja ambayo tungefurahi kuisikia kwa mwanachuo. Alisema, "Mwalimu, tukirudi nyumbani huwa tunacheza njiani. Asubuhi hatuchezi." Maana yake ni kwamba dakika zilizopimwa si zile za asubuhi. Darasa lilijadili, likaamua kuziacha namba kama zilivyo lakini kuandika juu ya jedwali maneno haya: "Dakika za kurudi nyumbani." Ndugu wanachuo, hilo tu lilitosha kuwa somo. Mtoto aliyewahi kuikusanya namba kwa miguu yake hujua kwamba namba hutoka mahali fulani na kwamba ingaliweza kutoka nyingine. Mtoto aliyepewa namba kitabuni huidhani imeshuka.

Namba zilikuwa 23. Hatukuchora grafu. Tulitumia mpango uliotangazwa na mtaalamu wa takwimu wa Marekani, John Tukey, katika kitabu chake cha mwaka 1977, mpango ambao kwa maoni yetu uliletwa duniani kwa ajili ya shule za msingi ingawa mwenyewe aliwaandikia watu wazima. Makumi huandikwa kwa wima kama shina la mti, na mamoja huandikwa kando kama majani. Mtoto wa dakika 17 huenda kwenye mstari wa 1 akaandika 7. Mtoto wa dakika 8 huenda kwenye mstari wa 0. Kila mtoto aliitwa ubaoni akaandika jani lake mwenyewe, kisha majani yakapangwa kuanzia dogo hadi kubwa:

0 | 4 5 5 6 7 8 8 9
1 | 0 0 1 2 2 3 5 5 7 8 8
2 | 0
3 |
4 |
5 |
6 | 2 4 5

Tazameni uzuri wa jedwali hili. Ni orodha, na papo hapo ni grafu: ukiulaza ubao ubavu utaona mihimili. Hakuna namba iliyopotea, na kila mtoto anaweza kulinyoshea kidole jani lake. Aidha, yule ambaye bado hajaelewa thamani ya tarakimu kwa nafasi yake hujitokeza mara moja, maana atataka kuandika 17 nzima kwenye mstari wa 7. Chaki kipande kimoja inatosha. Pasipo ubao, vifuniko vya chupa za soda vitapangwa sakafuni.

Mwanachuo wetu alifanya kosa moja, nalo tunalitaja kwa sababu hata sisi tungelifanya. Alipoona mistari ya 3, 4 na 5 haina kitu, alichukua kifutio akataka kuifuta, ili jedwali lisikae vibaya. Darasa likampigia kelele. Mtoto wa mstari wa mbele alisema, "Usifute, mwalimu, hapo ndipo penye mto."

Na kweli. Watoto ishirini walikaa katika kijiji cha shule na viunga vyake. Watatu walitoka kitongoji cha ng'ambo ya mto, na kati ya ukingo mmoja na mwingine hapana nyumba. Nafasi tupu ubaoni ilikuwa bonde la mto lenyewe. Hebu fikirini: mtoto wa darasa la tano ameisoma nafasi isiyo na namba na kuijua ni mahali gani duniani. Katika miaka yetu ya ukufunzi hatujasikia jibu la takwimu lililo bora zaidi ya hilo.

Waliobobea katika fani hii huifanya kazi iyo hiyo. Mwaka 1854, katika mtaa wa Soho jijini London, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 katika muda wa siku kumi. Daktari John Snow alichora ramani ya mitaa ile, na mbele ya kila nyumba akaweka kijistari cheusi kwa kila aliyekufa. Vijistari vilisongamana kuizunguka pampu moja ya maji iliyokuwa Broad Street. Watu wengi husimulia habari ile wakaishia hapo. Lakini Snow alihangaika vilevile na sehemu ambazo vijistari havikuwepo pale ambapo vilitazamiwa. Karibu na pampu palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535, na waliokufa humo ni 5 tu. Ilikuwa na kisima chake. Palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70, wala hapakuwa na kilio. Wale walikunywa pombe yao, na kiwanda nacho kilikuwa na kisima. Mkono wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba. Snow mwenyewe, kwa uaminifu wa kitaalamu, alikiri kwamba wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, kwani watu wengi walikuwa wamehama. Wanachuo wanaosimulia kwamba kung'olewa kwa mkono wa pampu kulikata ugonjwa siku ile ile huongeza chumvi pasipohitaji.

Turudi darasani. Baada ya watoto kulitazama jedwali, kuuliza wengi wako wapi, nani yuko peke yake, na mtu akisimama katikati ya mstari wa watoto wote atakuwa na dakika ngapi, ndipo mwanachuo aliporuhusu kugawanya. Jumla ilikuwa dakika 414. Kwa watoto 23, wastani ni dakika 18. Safari hii, alipouliza inatuambia nini, mikono ilikuwa mingi na ubishi ukazuka. Wengine walisema wastani ni uongo, kwa kuwa watoto 17 kati ya 23 hutembea chini ya hapo. Mmoja alisema si uongo, ila "umevutwa na wa ng'ambo". Mtoto wa kumi na mbili katika mpango, yule wa katikati kabisa, ana dakika 12. Yeye hakuvutwa na mtu: hata wale watatu wangekaa mwendo wa saa tatu, yeye angebaki katikati na dakika zake 12, bali wastani ungepanda.

Hapa tunataka kusema jambo juu ya njia iliyozoeleka ya kuuelezea wastani, yaani kugawana sawa. Machungwa 12 kwa watoto 4, kila mmoja 3. Njia hiyo ni nzuri na hatuwashauri muiache, lakini ina mpaka wake. Machungwa hugawanyika kweli. Dakika za njiani hazigawanyiki. Mtoto wa ng'ambo hawezi kumwachia jirani wa shule dakika zake arobaini ili wote wawe na 18. Wastani wa machungwa unaeleza jambo linaloweza kutendeka. Wastani wa mwendo unaeleza hali isiyokuwepo kwa watatu wale wala haitakuwepo. Mwalimu anayefundisha yote mawili kwa kanuni moja bila kuwaonyesha watoto tofauti hiyo amewapa kisu bila kuwaambia upande wa makali.

Makali hayo huwakata watoto wenyewe siku mwalimu anapojaza alama. Tuchukue mfano. Darasa la kwanza lina watoto kumi wenye alama 44, 46, 47, 48, 50, 50, 52, 53, 54 na 56. Darasa la pili lina kumi wenye 12, 15, 18, 20, 22, 78, 80, 83, 85 na 87. Gawanyeni wenyewe: wastani wa kila darasa ni 50. Katika taarifa ya mwisho wa muhula madarasa haya mawili ni ndugu pacha, na mwalimu atakayeyapokea mwaka ujao ataandaa somo moja kwa yote mawili. Somo la kiwango cha 50 litawafaa watoto wa darasa la kwanza. Katika darasa la pili halitamfaa hata mtoto mmoja: watano watasinzia na watano hawatasikia neno. Tumewaona watano hao wa chini katika shule nyingi. Huketi nyuma, hunyamaza, na kila mwaka hupanda darasa wamefichwa ndani ya wastani wa wenzao.

Anayedhani kwamba shida hii ni ya shule za msingi tu na asome kazi ya Francis Anscombe ya mwaka 1973. Mtaalamu huyo alitunga makundi manne ya namba, kila kundi lina jozi 11. Katika makundi yote wastani wa namba za kwanza ni 9, na wa namba za pili ni karibu 7.5. Hata mstari mnyofu unaozifaa jozi hizo, ukiupiga hesabu, ni ule ule. Lakini zichoreni. Kundi la kwanza limetawanyika likipanda polepole. La pili limepinda kama upinde. La tatu limenyooka kama uzi ila nukta moja imeruka juu. La nne limesimama wima kama ukuta, na nukta moja imekaa mbali peke yake. Alifanya hivyo kwa makusudi, kuwaambia wenzake wa vyuo vikuu ya kuwa kuchora ni sehemu ya hesabu yenyewe.

Hatusemi, hata hivyo, kwamba kila mchoro ni mkweli. Mwalimu hana budi kuwafundisha watoto kuushuku mchoro kama wanavyoushuku wastani, na kwa hili hakuna mfano ulio karibu nasi kama sensa za Tanzania. Mwaka 1967 tulihesabiwa milioni 12.3, mwaka 1978, milioni 17.5, mwaka 1988, milioni 23.1, mwaka 2002, milioni 34.4, mwaka 2012, milioni 44.9, na mwaka 2022, milioni 61.7. Wapeni watoto namba hizi wachore mihimili. Karibu wote wataipanga mihimili sita kwa nafasi zilizo sawa, na macho yao yatawaambia kwamba kati ya 1988 na 2002 watu waliongezeka kwa kishindo kuliko awali. Waulizeni wahesabu miaka. Sensa nyingine zimepishana miaka 10 au 11, ila zile mbili zimepishana miaka 14. Sehemu ya kishindo ni miaka minne ya ziada ambayo karatasi imeimeza. Kisha gawanyeni darasa mafungu mawili. Fungu moja lianze mstari wa wima kwenye 0, jingine lianze kwenye milioni 10 "ili kuokoa karatasi". Katika karatasi ya kwanza mhimili wa 2022 ni mara tano ya ule wa 1967, na ndivyo ilivyo. Katika karatasi ya pili ni zaidi ya mara ishirini. Bandikeni karatasi hizo mbili bega kwa bega, msiseme neno, na ngojeni. Mtoto aliyeona jambo hili kwa macho yake hatadanganywa kirahisi na mchoro wa gazetini.

Mkufunzi mwenzetu mmoja, mtu tunayemheshimu, alipousikia mpango huu alitukosoa kwa mambo mawili. La kwanza ni muda: siku nne kwa wastani mmoja, na azimio la kazi linamngoja nani? Tunakiri kwamba ana haki. Hatupendekezi mwalimu atembee siku tatu kila muhula. Mara moja kwa mwaka inatosha, na kwa siku nyingine darasa litakusanya kwa robo saa tu: herufi katika majina, ndugu wa tumbo moja, urefu wa kiganja, mvua katika kopo lililowekwa uani. Mtihani unauliza wastani, ni kweli, na watoto wale waliugawanya bila kukosea.

La pili lilitugusa zaidi. Alisema, "Mmewaweka watoto watatu ubaoni mbele ya wenzao." Majani hayana majina, lakini kila mtu alijua 2, 4 na 5 za mstari wa 6 ni akina nani. Umbali si aibu, nasi tunadhani hapakuwa na ubaya. Lakini angekuwa mwalimu mwingine ameuliza idadi ya milo kwa siku, au ya jozi za viatu, jedwali hilo hilo zuri lingemvua mtoto nguo. Kwa hiyo tunawaomba, kabla ya kuchagua jambo la kuhesabu, mjiulize ni mtoto gani atakayesimama peke yake mwishoni mwa ubao, na atajisikiaje. Kama hamna hakika, hesabuni kuku.

Imebaki habari ya watatu wale. Majina yao yalikuwa katika daftari la wachelewaji karibu kila juma, na adhabu ya wachelewaji shuleni pale ilikuwa kufagia uwanja wakati wenzao wameanza somo la kwanza. Mara nyingi somo hilo lilikuwa hisabati. Kengele ya asubuhi ililia saa 1:30, hivyo mtoto wa dakika 65 hakuwa na budi kutoka nyumbani saa 12:25, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia, na mto ukiwa haujajaa. Watoto walizipiga hesabu hizo wenyewe. Mwanachuo alinakili jedwali kwenye karatasi ya manila akalipeleka ofisini kwa walimu, pamoja na daftari la wachelewaji. Mwalimu wa zamu alivitazama vyote viwili kwa muda, akauliza nani aliyepima, akaambiwa. Akasema, "Acha karatasi hapa." Tulipopita tena shuleni pale baada ya majuma matatu, karatasi ilikuwa ukutani juu ya ratiba, na watatu wale walikuwa wakifagia mchana, zamu moja na wenzao wote.